Tangi la Divai Nyekundu

10 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika. Mrefu wa Mama Mdogo naye mzima, anakula kama ana matumbo mawili.

Umeuliza kazi yenyewe ikoje. Mashamba yako kwenye vilima vya mawe. Mchana jua linachoma, usiku baridi inauma, na wenyewe wanasema ndiyo maana zabibu za huku zina ladha. Divai yetu ni nyekundu, ya zabibu tatu: moja ya rangi, moja ya ukali, ya tatu ya kuzilainisha hizo mbili. Mchanganyaji wa divai anasema inataka nyama ya kondoo ya kuoka au jibini lililokaa muda mrefu. Ukiinywa na samaki umeharibu vyote viwili. Mrefu anasema yeye ataijaribu na mkate wa jana.

Mwanao

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Miguu imevimba kidogo, mengine salama. Nimemsomea mdogo wangu barua yako, kwenye mkate amecheka mpaka machozi yakamtoka.

Lakini Mrefu ana haraka, unamjua. Mama yake hana mwingine, na wewe ndiye mkubwa. Usimwache peke yake. Akiingia popote, ingia naye.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Najua msimamizi ameshakupigia simu. Yaliyobaki inabidi uyasikie kwangu.

Divai ikishatolewa, makapi ya zabibu hubaki chini ya tangi, na mtu huingia na koleo kuyatoa. Zabibu zikichachuka hutoa hewa mbaya, haionekani, hainuki, nayo hulala chini. Kwa hiyo feni huwashwa kwanza. Mrefu hakusubiri feni. Nilisikia koleo likianguka.

Sheria tuliyofundishwa siku ya kwanza ni kwamba mwenzako akianguka ndani usimfuate, piga kengele. Wanaofuata hufa pia. Nilipiga kengele. Nikasimama kwenye mlango wa tangi namwona mgongo, na ile fulana ya bluu uliyomnunulia. Alikuwa karibu, Mama. Walipofika na vinyago vya hewa alikuwa ameshatutoka.

Sikuingia.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa, mkono ulikataa kuandika. Tumemzika vizuri.

Nilikukasirikia, sifichi. Nilishinda nikisema ningekuwa mimi ningeingia. Halafu nikayawaza majeneza mawili hapa sebuleni, nikaacha kusema hivyo.

Mdogo wangu alikuwa hali wala halali, anauliza jambo moja tu: "Mwanao alikuwa wapi?" Nikamwambia uliingia. Nikamwambia ulimshika mkono mpaka wakakuvuta nje umezimia. Jioni ile alikunywa uji. Sasa akisali anaanza na wewe. Nisamehe, baba, na usiniumbue.

Mama yako

21 Mei

Mama,

Shikamoo. Pole na miguu. Mimi wamenihamishia kwenye mapipa, mbali na matangi. Kazi ya kuchanganya imeanza. Divai ya tangi lile nayo imetiwa humo humo, hakuna aliyeitenga.

Nimepata barua ya Mama Mdogo. Ananishukuru ukurasa mzima. Anasema sasa mimi ndiye mwanawe. Mwishoni ameuliza, nilipomshika Mrefu mkono, ulikuwa bado una joto? Na alisema neno gani?

Karatasi ya kumjibu iko mbele yangu tangu asubuhi. Niambie niandike nini.

Mwanao