Umeweka Saa?

Kwako Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu tele. Mimi mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia. Wewe je, mgongo umepoa? Na mtoto, lile jino la mbele limeota, au bado anacheka kwa mkono mdomoni? Mwambie shangazi yake anamkumbuka mpaka anaumwa.

Najua umenuna kwa kimya changu, na una haki. Nimezama kwenye mtihani, na si wa karatasi. Unafungiwa chumbani kutwa nzima na mashine za mtandao, rundo la nyaya na orodha ya kazi. Mtandao ukipita umefaulu, usipopita chukua mkoba wako uende. Imebaki wiki moja.

Nafanyia mazoezi zile mashine tatu za marehemu kaka ulizonipa kwenye gunia, zile ulizosema zinakula nafasi ya viatu vyako. Nimezipanga juu ya meza ya chakula, siku hizi nakula nimesimama. Nilipoiwasha ya kwanza, kabla haijauliza neno la siri, kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maneno aliyoyaacha humo mwenyewe: Mdogo wangu, umeweka saa? Wifi, nilipiga ukelele jirani akaja na mwiko.

Kuweka saa ndiyo ilikuwa amri yake kuu. Mashine iliyo mbali unaifikia kupitia mtandao uleule unaourekebisha, kwa hiyo ukikosea mstari mmoja umejifungia nje. Kabla hujagusa kitu, unaiamuru ijizime na kuwaka upya baada ya dakika kumi, irudi ilivyokuwa. Kazi ikienda sawa, unaifuta saa. Alinihubiria hayo mpaka nikambandika jina la Mzee Saa, naye akanijibu kwamba nyumba ina mawifi wawili na bado mtandao unakatika.

Sasa kila nikiwasha, ananiuliza. Ujumbe ule unafutika kwa mstari mmoja tu, lakini mkono unakataa. Juzi kwenye jaribio niliweka saa wakati mashine ilikuwa pale mbele yangu, nimeishika kwa waya, hakuna haja kabisa. Halafu nikasahau kuifuta. Ikajizima katikati ya kazi, na yote ambayo sikuwa nimeyahifadhi yakayeyuka. Mkufunzi akaniuliza naogopa nini hasa. Nikamwambia ni uchovu. Mwongo mkubwa mimi.

Wifi, kaa chini kwanza.

Ile Jumamosi, simu ambayo kaka alitoka nje kuipokea ilikuwa yangu. Nilikuwa zamu ofisini, mwezi wangu wa pili, bado wananipima kama nafaa. Nilirekebisha mashine ya kituo cha mlimani bila kuweka saa. Nikajifungia nje, na zahanati ya huko ikakatikiwa mtandao. Nililia kwenye simu kama mtoto. Akaniambia nifunge mdomo, mkubwa wetu asijue, yeye atapanda pikipiki akairudishe kwa mkono na kusema alikwenda kukagua betri. Barabara ilikuwa imelowa. Yaliyobaki unayajua.

Nawe tangu siku ile unasema wewe ndiye uliyemfukuza, kwa sababu alipochukua ufunguo ulimwambia aende tu, si anaipenda kazi kuliko nyinyi. Ulilisema msibani. Ulilisema tena mwaka jana ukinisuka nywele, nami nikainamisha kichwa ili usuke vizuri. Wifi, hukumfukuza. Alikuwa ameshaamua kwenda kabla hujafungua mdomo, na aliyemwita ni mimi. Miaka miwili nimekuacha ubebe mzigo wangu, kwa kuwa nilimkosa yeye na niliogopa kukukosa na wewe. Naona aibu hata kuomba msamaha, lakini nauomba.

Mtihani nitaufanya Jumatatu, nifaulu nisifaulu. Mashine ukizitaka nitazirudisha, maneno yake yakiwa humohumo, mtoto akikua ayasome.

Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana. Sasa naipeleka posta kwa miguu yangu, kabla moyo haujarudi nyuma. Ikishatumbukia kwenye sanduku hakuna kurudi ilivyokuwa, kwa maana hii sikuiwekea saa.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Ni mimi,
wifi yako, kama bado utaniita hivyo.