Ndiyo ya Adabu

Tarehe 4 Juni

Kwako Baba,

Shikamoo. Hujambo, na kile kifua? Sisi huku wazima, ila mjukuu wako anaota meno na mimi ndiye ninayelia.

Nimepata kazi. Nakaa kwenye chumba chenye simu thelathini, sikio likiwaka moto, nauliza watu kama watakwenda kupiga kura ya rais. Ofisi inataka kutabiri ni wangapi kwa kila mia watajitokeza. Shida, karibu wote wanasema ndiyo! Mkuu wetu anasema tukitangaza hesabu hiyo tutachekwa, na sisi vibarua ndio wa kwanza kuondoka. Wewe umesimamia kituo cha kura chaguzi tano. Nisaidie. Simu huisikii, ndiyo maana naandika.

Mwanao

Tarehe 19 Juni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mimi mzima, kifua kimenyamaza, nakula kama mchwa. Nawe kula, usinyonyeshe kwa chai tupu.

Hao hawakudanganyi, wanakuheshimu. Mgeni akikuuliza jambo jema utamjibu hapana? Ndiyo yao ni ya adabu. Waulize wataamka saa ngapi, watapita njia gani, watoto watamwachia nani. Anayekwenda kweli keshapanga. Anayebabaika, mpunguze.

Baba yako

Tarehe 2 Julai

Baba,

Shikamoo. Waendeleaje? Sisi salama, jino moja limechomoza.

Umeniokoa! Mama mmoja aliniambia, "Nakwenda, asubuhi na mapema." Nikamuuliza mtoto atamwachia nani. Akanigeuzia swali: "We dada, umetumwa na mume wangu?" Nikampunguza. Tumeshuka kutoka tisini na mbili hadi sitini na nne kwa mia.

Na wewe je? Nilitaka nije nikupeleke kituoni, ila siku hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kama hujisikii vizuri sema, naacha kila kitu, naja. Sitanii.

Mwanao

Tarehe 14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mzima kabisa. Nitaamka saa kumi na moja, nipite njia ya kisimani, nyumba nimwachie jirani ufunguo, niwe wa kwanza kwenye foleni. Usije. Nibusie mjukuu.

Baba yako

Tarehe 12 Agosti

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali.

Tulitabiri sitini na nne, wamejitokeza sitini na tatu. Ofisini walipiga makofi, nikapewa mkataba. Kwa furaha nikampigia karani wa kituo chako, nikamtania: "Mzee wangu alikuwa wa kwanza?" Akababaika kama wale ninaowapunguza. Kisha akasema hujainuka kitandani tangu Mei.

Tangu Mei, Baba! Nikatoa barua zako. Zote za penseli. Kalamu ya wino haiandiki mtu akilala chali; hilo nalijua, nilimuuguza Mama. Watu elfu mbili nimewahoji, ndiyo zao nikazichambua moja moja, yako nikaimeza nzima kwa sababu ulinipa saa, njia na ufunguo. Ulijua nitakachouliza, maana wewe ndiye uliyenifundisha.

Sijakukasirikia. Hapana, nimekukasirikia. Mkataba sijausaini. Tunakuja Ijumaa ya wiki ijayo, mtoto mgongoni. Mpe majibu dereva wa basi aliyekuletea hii, na usinijibu kwa adabu.

Mwanao

Tarehe 13 Agosti

Mwanangu,

Mama yako ulimuuguza ukiwa na mimba. Nilisema zamu moja inamtosha mtoto.

Siku ya kura jirani alinigeuza nielekee dirishani. Nikawahesabu wanaopita hadi mia na kumi na saba, nikapotewa na hesabu. Fundi viatu akachungulia: "Mzee, huji leo?" Nikamwambia, "Tangulia, nakuja."

Ijumaa ni mbali. Basi lililokuletea barua hii linarudi huku kesho. Pandeni hilo.

Baba