Koti la Bluu la Bibi

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la viatu,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla sijaanza umbea, niambie kwanza goti lako linaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua imesaidia au imekuachia harufu tu. Sisi huku wazima. Mume wangu bado anakoroma, binti yangu amenipita kwa urefu, na mimi nashona kama kawaida, ila macho yameanza kuukataa uzi.

Nakuandikia asubuhi, mvuke wa pasi umefunika dirisha na mtaa wote umegeuka maziwa. Saa kama hizi huwa nakuja kwenu bila tiketi. Mguu unakanyaga mashine, kichwa kiko ukumbini kwako, nauona mlango wa kijani ambao sijaugusa hata siku moja. Sijui ni bibi aliyenisimulia au niliuota tu. Usinicheke.

Sasa ile picha. Shangazi, umetumaliza. Marehemu bibi, mama yako, katikati ya wanawake saba, wote wamevaa koti jepesi la bluu, kola nyeupe, mifuko miwili mikubwa, na nyuma umeandika kwa mkono wako: "Mama na madobi wenzake, siku ya mwisho kazini." Nilikaa sakafuni na mkasi mkononi.

Hukujua, na ungejuaje? Koti hilo ndilo alilofika nalo huku, baba akiwa mgongoni. Watu wakamuuliza kama ni vazi la kwao, naye lugha haijui, akaitikia kwa kichwa. Basi ikawa hivyo. Wakubwa waliojua nadhani walimstahi, wakafa na siri hiyo. Sisi tuliozaliwa huku tukaiga, na mshonaji ni mimi, kwa hiyo kila sherehe ya jamii yetu ukumbi mzima huvaa sare za kufulia. Kinyozi, mwenyekiti wetu, huwafundisha watoto kwamba mfuko wa kulia ni nchi tuliyoiacha na wa kushoto ni nchi iliyotupokea, halafu anashika kola na kusema, "Mwacha asili ni mtumwa." Kwenye picha yako mifuko imejaa vibanio vya nguo.

Ningecheka yakaisha, kama si binti yangu. Alikuwa amechaguliwa kuimba wimbo wa taifa peke yake kwenye mahafali ya shule. Mwalimu akataka avae vazi la asili, na kwenye orodha, mbele ya jina lake, wakaandika raia, kistari, kisha nchi yenu. Wenzake ni raia, nukta. Akaniambia, "Mama, mimi nimezaliwa ghorofa hii hii. Kwa nini wao wanaimba tu, mimi naimba na asili?" Nikamjibu kwa ukali kwamba koti lile ni damu yake. Akajifungia chumbani. Siku tatu tulipishana jikoni kama wapangaji, na niliogopa kweli, Shangazi. Niliona nikimlazimisha nitampoteza, na nikimwachia, bibi atakuwa amekufa mara ya pili.

Siku ya nne ndipo bahasha yako ikafika. Ningeweza kuificha picha, nani angejua? Nikamwekea mezani, karibu na chai yake, nikarudi kwenye mashine nikijifanya natunga uzi. Halafu nikamsikia anacheka, kicheko cha tumboni, nami nikashindwa kujizuia, tukacheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Baadaye alikaa na picha muda mrefu, akiitazama mikono ya bibi. "Kumbe alikuwa na kazi," alisema. Miaka yote tulikuwa tumemwambia kwamba bibi alikuwa na asili.

Jumamosi aliimba na shati jeupe kama wenzake. Mshereheshaji akasoma kadi ambayo binti alikuwa ameijaza upya mwenyewe: jina lake, na pale pa asili, "kitukuu wa dobi." Watu wakaguna. Kinyozi, aliyekaa mbele na koti lake la bluu, alipiga makofi kuliko wote. Sijamwambia bado, na wewe nitunzie siri. Kuna wazee ukiwavua koti hilo utawaacha uchi.

Nami nina langu. Huku naitwa wa huko, na wewe kwenye barua umeandika "nyie wa ng'ambo." Iliniuma, nisikufiche. Niandikie "mwanangu," inatosha.

Msalimie binamu Kicheko, mama mdogo wa duka la vyombo, na yule jirani anayekusomea barua zangu miwani yako inapopotea. Mwambie asiruke mistari.

Jana Jumapili nilimkuta binti yangu kwenye roshani amelivaa koti la bibi lenyewe, lile tulilolifunga kwenye nailoni tangu msiba ili lisiguswe hata na tone la maji. Amekunja mikono, kifua chote kimelowa, anakamua shuka peke yake na linamshinda. Nilifungua mdomo nimgombeze. Nikashika ncha ya pili, tukakamua.

Mungu akutunze, akupe usingizi mwepesi na goti lisilonung'unika.

Wako akupendaye siku zote,
Mwanao mshonaji.