Mama Mkwe Anataka Kupanda Pikipiki ya Jeshi

Jumamosi, 1 Novemba

Oili ya pikipiki imevuja tena. Nimeongeza, nimekaza nati, nimepangusa tangi. Mke wangu Nasimiyu amepita na beseni la nguo akauliza kama mgonjwa wangu amekunywa chai. Mtu aliyeoa miaka thelathini anajua la kuacha lipite.

Kisha nikatoka nayo Matisi hadi Kipsongo na kurudi, polepole, watoto wakinikimbilia nyuma. Waingereza waliiunda kwa ajili ya vita. Ukiikwaruza rangi nyeusi, kijani cha jeshi bado kipo chini. Mlowezi mmoja wa huku aliiuza alipokuwa akirudi kwao, baba mkwe akainunua. Alipofariki, mashemeji hawakuitaka. Mimi ndiye niliyeitoa kwenye banda la kuku.

Nina raha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 2 Novemba

Kanduyi, kwa wakwe. Mama mkwe atapasuliwa nyonga tarehe 19. Daktari amesema baada ya hapo asahau pikipiki.

Alikuwa jikoni, nyuma ya mlango. Mimi nje, kwenye kiti changu. Ndivyo tulivyo sisi Wabukusu: mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawakaribiani. Akitaka kuniambia jambo, anamwambia Nasimiyu kwa sauti ya kunifikia.

"Nasimiyu, mwambie mkwe wangu nataka kupanda pikipiki ya mzee wangu mara moja, kabla ya hicho kisu. Nikae upande, vile mzee alikuwa ananipeleka soko Chwele."

Halafu akaongeza kwamba nitajua mwenyewe vile itafanyika. Nimerudi Kitale bila kujua.

Jumatano, 5 Novemba

Nimetuma ujumbe kwa mama mkwe: je, nikileta blanketi na mbuzi, wazee watulegezee mwiko? Jibu limekuja haraka. Heshima tuliyoitunza miaka thelathini hataifungua kwa sababu ya safari ya kwenda uwanjani pale Kanduyi na kurudi. Ana haki. Nimeona aibu kidogo.

Shemeji je? Anaendesha boda kila siku. Lakini Krismasi iliyopita alijaribu kuiwasha, kiki ikamrudi kwenye ugoko, akachechemea hadi mwaka mpya. Ameapa kutoigusa tena.

Nasimiyu amesema basi ataendesha yeye. Ni afisa wa mifugo, kila asubuhi yuko kwa pikipiki ya kazi kwenda kupandisha ng'ombe wa watu kwa sindano. Anaendesha vizuri. Nimekataa. Nimemweleza kwamba hii gia iko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki za siku hizi, atajiumiza. Ni kweli. Lakini sababu hasa ni kwamba sitaki. Tangu iwe yangu hakuna mwingine aliyeiendesha.

Ijumaa, 7 Novemba

Ugali na kunde. Nasimiyu alipomaliza akanawa mikono, akasema bila hasira:

"Baba Simiyu, hiyo pikipiki ni ya babangu. Wewe uliikuta kwetu, vile ulinikuta mimi."

Nimemwambia kesho nitamfundisha.

Jumamosi, 8 Novemba

Somo la kwanza. Shamba la jirani, lililokwisha vunwa. Alianza vizuri kuliko nilivyotaka. Gia ya kwanza, ya pili, mgongo wima. Kisha ndama akakatiza mbele yake. Mguu wa kulia ukatafuta breki, ukapata gia. Mngurumo. Akaingia na pikipiki ndani ya lundo la mabua ya mahindi, nusu yake ikapotea humo.

Kioo cha taa kimevunjika. Yeye hakuumia. Lakini nilipofika pale mbio, mkono wangu uligusa tangi kwanza. Ameona.

Jumatatu, 10 Novemba

Haongei nami. Anaongea na kuku.

Nimefunga duka la mbegu mapema. Nimekaa naye kibarazani nikamwambia nimekosa, nikasema na kosa lenyewe ni lipi. Akaendelea kuchambua maharagwe. Baadaye akauliza kama kioo cha taa kinapatikana Kitale. Nikasema taa si kitu, kesho twende tena shambani. Nikachukua gamubuti lake la kushoto nikalifunga kitambaa chekundu, liwe ndilo la kukanyaga breki. Amecheka kidogo. Imenitosha.

Alhamisi, 13 Novemba

Siku ya tatu mfululizo shambani. Anafanya zoezi hadi mezani. Chini ya meza mguu wa kushoto unakanyaga breki isiyokuwepo, na anayekanyagwa ni mimi.

Leo asubuhi kwa pikipiki ya kazi amesahau, akakanyaga upande usiofaa, nusura agonge lango la mwenye ng'ombe. Amelisimulia mwenyewe huku akicheka hadi machozi. Mimi nimecheka pia. Baadaye nimeacha kucheka. Amemwahidi mama safari yake Jumapili hii, siku tatu tu zimebaki.

Jumamosi, 15 Novemba

Kesho. Naogopa. Si pikipiki safari hii. Mama mkwe akianguka na nyonga ile, mimi ndiye mkwe aliyekubali. Nasimiyu anapiga pasi leso na kuimba. Nimemwambia tunaweza kuahirisha. Amesema mama ameshaalika majirani.

Jumapili, 16 Novemba

Kanduyi. Majirani wamejaa uani. Nimeiwasha mimi, kwa sababu kiki yake ni nzito. Nikamshikisha Nasimiyu klachi, nikaondoka. Mama mkwe hangeweza kutoka jikoni nikiwa pale.

Nikaenda nyuma ya ghala la mahindi. Nikageukia ukuta.

Nikasikia mlango. Wanawake wakimsaidia kupanda, wakiambizana mguu, mguu, polepole. Kisha klachi. Gia ya kwanza, laini. Lango. Barabara. Gia ya pili. Hapo palikuwa na mtu au ng'ombe, sijui, injini ikashuka. Nikafunga macho. Breki. Breki yenyewe. Kisha ikapanda tena: ya pili, ya tatu, ikaenda kuelekea uwanjani.

Miaka yote hii sijawahi kuisikia ikienda. Huwa niko juu yake, napigwa na upepo, nasikiliza kasoro. Kumbe ina sauti nzuri hivyo. Nimelia pale nyuma ya ghala, nikasingizia vumbi la mahindi ingawa hapakuwa na wa kumdanganya.

Waliporudi, wanawake walipiga vigelegele. Nilingoja mlango wa jikoni ufungwe ndipo nikatoka. Sauti ikanifikia kupitia mlango.

"Nasimiyu, mwambie mkwe wangu ameitunza."

Mimi nikamwambia Nasimiyu amwambie mama asante.

Jumamosi, 22 Novemba

Upasuaji umekwenda salama. Mama mkwe ameketi kitandani na amelalamikia uji wa hospitali, kwa hivyo atapona.

Nasimiyu ameenda Bungoma kumwona. Ameitoa pikipiki bila kuniuliza. Nimemwashia tu. Nilisimama langoni nikaisikiliza mpaka ilipofika lami, kisha nikaenda kufungua duka.