Sentensi ya Ukurasa wa Tisa

Mwaka umetimia, Wakili wetu, tangu homa ikuchukue ukiwa umebakiza muhula mmoja tu wa masomo ya sheria. Tumekukosa vibaya. Na leo tuna hasira, hatutakuficha.

Lile jarida la wanafunzi ulilokuwa ukilihariri, la kutetea haki za watu wa kawaida, halijatoka mpaka leo. Toleo zima limekwama kwa ajili ya makala yako kuhusu wapangaji wanaotupiwa vyombo nje bila taarifa.

Unajua mwenyewe ulivyofanya kazi. Kila makala ulimsomea Mama kwa sauti, yeye akishona, wewe ukitafuta miwani iliyokuwa kichwani pako. Cherehani ikinyamaza, ujue Mama hajaelewa. Hapo unachomoa kalamu ya kijani na kuikata sentensi, hata kama mwandishi ni profesa.

Yako ilimpendeza mpaka ukurasa wa tisa. Cherehani ikanyamaza. Ukacheka, ukasema, "Nimepatikana! Kesho nitairekebisha, Mama." Kesho yake ukalazwa.

Wenzako wakagoma kuigusa. "Maneno ya marehemu hayaguswi," walituambia. Na kuitoa ilivyo hawataki, maana haieleweki. Mwaka mzima wanatazamana tu! Heshima gani hiyo? Yule mama mfua nguo uliyeandika habari zake ametolewa nyumba nyingine, godoro likalowa mvua, na kila wiki anatuuliza, "Limetoka?" Tumechoka kumjibu, "Bado."

Jumamosi iliyopita tuliwaita wenzako nyumbani. Mhariri mpya akamsomea Mama makala yako. Ukurasa wa tisa, cherehani ikanyamaza palepale. Mama akainuka, akatoa kalamu yako kwenye kopo la vifungo, akaikata sentensi yako.

"Mwanangu alitaka kusema mtu aambiwe mapema kabla ya kutolewa kwake," akawaambia. "Haya, andikeni hivyohivyo."

Wakaandika. Mama akakaa, wakamsomea tena, na safari hii cherehani haikusimama mpaka mwisho. Alishona huku analia. Jarida linachapwa Jumatatu, na nakala ya kwanza ni ya mfua nguo.

Unakumbukwa na Baba, kaka zako wawili, shangazi yako aliyekupa jina la Wakili, na Mama, ambaye bado anaiweka kalamu yako kwenye kopo la vifungo. Hatutakusahau maisha yetu yote.