Tuta la Mwisho wa Mfereji

Jumatatu, 4 Machi

Viwavi wamerudi! Kabichi za kuuza zimetobolewa kama chujio. Dalali alipita asubuhi, akageuza jani moja, akasonya. Anasema mjini watu hawataki kabichi yenye tundu hata uwape bure. Lori lake linakuja Jumapili. Zikiwa hivi, anapakia za wengine.

Baba watoto akajitwika bomba la dawa, akapanda juu shambani. Chupa inasema kifuniko kimoja. Yeye anatia mpaka moyo wake utulie. Nikamwambia hiyo si supu, haiongezwi kwa kukisia. Akacheka tu.

Sisi wenyewe hatuna wasiwasi — tuta letu la kula halijapuliziwa hata siku moja. Liko chini kabisa, mwisho wa mfereji, linakunywa maji ya shamba zima. Ndiyo maana mchicha wake umenona vile.

Jumatano, 6 Machi

Jirani yetu mfuga nyuki amekuja, kofia mkononi. Nyuki wake wamelala chini ya mizinga, wengine bado wanatetemeka. Hakugomba. Afadhali angegomba! Aliuliza tu, shemeji, mnapulizia nini huko juu? Na mimi na mdomo wangu huu usio na breki, nikamjibu kwamba nyuki hawanisomeshei watoto. Akavaa kofia yake akaenda zake. Mpaka sasa naona haya.

Halafu jioni nikatega sikio. Vyura hawalii. Mfereji wote kimya. Walinyamaza lini?

Ijumaa, 8 Machi

Kitinda mimba wangu anatapika. Mchicha tulikula wote, lakini yeye ndiye aliyeuchuma, na akichuma huwa anatafuna majani mabichi huku akinywa maji ya mfereji kwa kiganja. Kila siku tunamtania, tunamwita mbuzi. Leo hakuna anayecheka. Jasho, mate yanamchuruzika, misuli ya mapaja inacheza yenyewe. Mungu wangu! Nikambeba mgongoni mbio hadi zahanati. Msichana mkubwa vile, na wala sikusikia uzito.

Jumamosi, 9 Machi

Bado zahanati. Yuko hai. Sindano wanamchoma, anafumbua macho, anayafumba.

Jana muuguzi alimmulika, akasema mboni zimesinyaa. Akauliza kama amegusa dawa ya shamba. Nikaapa hapana. Nikamweleza habari za tuta letu, kwamba ni safi, halijui dawa. Tena kwa kujigamba! Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu:

"Na bomba mnaoshea wapi, mama?"

Baba watoto alikuwa amesimama mlangoni. Anaoshea mferejini, kule juu. Bomba, buti, shati, vyote. Tangu tuanze kulima hapa! Hataki kuleta sumu nyumbani, anawaogopea watoto. Na mimi nimemsifu kwa majirani, mume wangu mwangalifu, mume wangu ana akili.

Alijikalia pale pale sakafuni, akaficha uso ndani ya shati. Shati lile lile, linanuka dawa. Nikamrukia, nikamvua kwa nguvu, huku napiga kelele hata sijui nilisema nini. Muuguzi akanishika mikono. Nimlaumu nani mimi? Tuta lile nililichagua mwenyewe, kwa sababu ya unyevu wake.

Jumapili, 10 Machi

Wameturuhusu. Ametambua nyumba, amemtambua paka. Miguu bado haina nguvu. Muuguzi anasema apumzike, asikanyage shambani, anywe maji mengi.

Lori tumelikuta limeshafika. Baba watoto amekwenda kukata kabichi. Nilimzuia. Nikamwambia huko mjini kuna mama mwingine na kitinda mimba wake. Akaniuliza bila hata kunitazama: "Tusipouza, huyu atakula nini?" Dalali ana furaha, anazipigapiga kabichi mgongoni. Majani ya nje yaliyotobolewa yamebanduliwa, hakuna hata moja yenye tundu.

Nimeketi mlangoni na daftari hili. Mtoto ameomba maji. Nikachota ndooni, nikajaza kikombe, nikafika nacho mpaka kitandani. Ndipo nikakumbuka maji haya yanatoka wapi.

Kisima kiko mteremkoni, chini kidogo ya tuta letu. Mfereji ukiishia kwenye mchicha, maji yanazama, yanaelekea huko. Hakuna kisima kingine hapa. Wote tunateka hapo. Mfuga nyuki yuko pale sasa hivi, namwona, anajaza madumu ya nyumba yake. Inabidi nimwite. Nikimwita, nitamwambia nini, na akateke wapi?

Lori linapiga honi. Kikombe nimekiweka hapa chini, karibu na mguu wangu, kimejaa.

Anaita tena. Mama, maji.