Filimbi Badala ya Simu

Utange, Kisauni

Baba Linda,

Pokea salamu zetu huko Doha. Linda ameota meno ya mbele, na mbuzi amezaa mapacha. Mama yako bado yuko kitandani.

Uliniambia ninunue simu ndogo ya vibonyezo, inayokaa na chaji, ili stima zikipotea nikupate. Nilienda dukani Bamburi, nikaishika, nikairudisha. Nimenunua filimbi.

Usikasirike. Siku mama alipoanguka bafuni, simu yangu ilikuwa na chaji tele. Nilikupigia, nikakupigia, maana kwenu mgonjwa hatolewi nyumbani mpaka mwenye mji, ndiye wewe, aseme. Nawe ulikuwa kazini. Jirani yetu Roseline alikuwa anafua hapo nje, sikumwita. Ulipopokea na kusema apelekwe, mdomo wa mama ulikuwa umeshakwenda upande.

Sasa nimekubaliana na majirani: filimbi ikilia, waje na pikipiki. Naivaa shingoni hata nikipika. Mama akizidiwa tena, nitapuliza kwanza. Wewe nitakupigia tukishafika hospitali.

Ni mimi mkeo,
Kache